Kichocho, Kijicho na Kikopo

Kijiwe kile kina benchi moja, birika moja na madaktari watatu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kushika sindano. Nilikaa pale kwa sababu benchi linatazamana na geti la zahanati, na nesi aliniambia nisiende mbali, mkojo unaotakiwa ni wa mchana, kati ya saa nne na saa nane, na saa nane maabara inafungwa mpaka wiki ijayo, na saa saba ilikuwa imeshapita, na mwanangu wa kike, mwaka mmoja na miezi miwili, yuko mapajani bila nepi, amekunywa kikombe kizima cha maji, hakojoi. Mkononi nimeshika kikopo. Siku tatu nimeona tone la pinki kwenye nepi, mwishoni mwa mkojo, dogo tu, nikaifua, likarudi, nikaifua tena, usingizi ukanihama.

Muuza kahawa, ambaye mtaa mzima unamwita Shemeji ingawa hajaoa kwa yeyote, alinitazama.

— Mtoto anaumwa nini, mama?

— Nesi anahisi kichocho.

— Kijicho! akadakia Profesa. Cheo hicho alikipata kwa kusoma magazeti ya wiki iliyopita kwa sauti kubwa. — Mnasikia? Hata zahanati sasa wamekubali! Miaka yote nasema, jirani akimwangalia mtoto kwa husuda, mtoto anaharibika, nyie mnanicheka.

— Kichocho, mzee. Si kijicho.

— Hayo ni matamshi tu. Nani pale kwenu hakupendi?

— Profesa, mwache dada wa watu, akasema Injinia, fundi baiskeli, grisi mpaka kwenye nyusi. — Hiyo ni kutu. Mabomba yote ya huku yameoza. Mtoto anakunywa kutu, anakojoa kutu. Sawasawa na rejeta.

— Mwanangu si gari, kaka.

— Kanuni ni ileile. Mjaze maji, mfungue huku chini, usafishe.

Wa tatu alikohoa. Huyo ni Wakili. Mahakamani amekwenda mara moja tu, na siku hiyo hakuwa upande wa wanaouliza maswali.

— Tusikimbilie hukumu. Mama, mtoto mwenyewe amelalamika?

— Hajui kusema bado.

— Kwa hiyo mlalamikaji hatuna. Hiyo damu nani aliiona?

— Mimi.

— Mama mzazi. Shahidi mwenye upande. Kielelezo kiko wapi?

— Nepi? Niliifua.

— Ameifua! Akawageukia wenzake. — Ushahidi kaupiga sabuni!

Wakaangua kicheko, nami nikacheka, maana mtu ukiogopa sana unacheka na yeyote anayecheka, na katikati ya kicheko hicho nikasikia gauni linapata joto, mkojo wote huo, magotini, miguuni, mpaka chini kwenye vumbi, na kikopo kiko mkononi mwangu kikavu kabisa.

— Basi, yamekwisha hayo, akasema Injinia. — Mlete kesho.

— Kesho hawapimi! Nesi amesema mpaka wiki ijayo!

Nilipiga kelele bila kutaka. Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Shemeji alimimina maji yaliyopoa kwenye kikombe cha kahawa, akanipa nimnyweshe. Kwenye kijiwe kizima, dawa ilikuwa hiyo tu.

— Haya, tuseme ni kichocho, akaanza tena Profesa, sasa kwa upole, kama anayenifundisha kusoma. — Kichocho ni cha watoto wa shule, wanaoruka mferejini wakitoka darasani. Huyu hata kusimama mpaka ashike ukuta. Ameogelea lini?

— Mshitakiwa hakuwepo eneo la tukio, akasema Wakili.

Na kweli, nilipokuwa sekondari picha kwenye kitabu cha baiolojia ilikuwa hiyohiyo, mvulana mkubwa anaogelea mtoni. Moyo ukatulia. Sitasema uongo, nilitaka wawe sahihi, watu watatu wenye grisi na magazeti, niliwataka wawe sahihi kuliko nesi. Nikaweka kikopo kwenye mkoba. Nikaanza kumfunga mtoto nepi.

— Mimi nasema ni ule mnara wa simu, Injinia alikuwa anaendelea. — Tangu uje, hata pancha zimeongezeka.

— Wewe hukuona kifuniko cha kikopo? akanong'ona Wakili. — Chekundu. Mkojo wowote ukiingia mle lazima uonekane mwekundu. Wameshajipanga wale.

Mwanamke mmoja alikuwa amevuka barabara kuja kununua kahawa, glavu zinachungulia mfukoni. Alinitazama nikisimama.

— Wewe si ndiye wa mkojo wa mtoto? Mimi ndiye wa maabara, nakusubiri. Unakwenda wapi?

— Nyumbani. Wamesema hawezi kuwa nacho, hajaanza kuogelea.

— Kina nani wamesema?

Madaktari wakatazama ndani ya vikombe vyao, wote watatu.

— Mtoto anaogeshwa maji ya wapi?

— Ya mfereji, nikasema, lakini ya ndoo, dada, mferejini simpeleki, nimekataa kabisa, nachota asubuhi, namwacha achezee kwenye beseni nikifua, hata saa nzima, chini ya macho yangu...

Nikajisikia ninavyosema. Nilimkataza mwanangu kwenda mferejini, halafu kila asubuhi nikamletea mfereji nyumbani kwa ndoo.

— Mdudu wake anapenya ngozi, akasema yule dada. — Hasubiri mtu ajifunze kuogelea. Fungua nepi, kaa, mshike hapa, weka kikopo chini yake. Nikiona mayai, anaanza dawa. Nisipoyaona tutapima tena, hayatoki kila mara.

— Mayai? Profesa akashtuka. — Mtoto anataga?

Dada wa maabara akamgeukia taratibu.

— Mzee, una wajukuu nyumbani. Na nyie wawili mna watoto wadogo. Wao wanaogeshwa maji ya wapi?

— Ya... ya nyumbani, akasema Injinia.

— Ya nyumbani yanatoka wapi?

Profesa akafungua gazeti, akalifunga. Hapo nikasikia kitu kidogo kinagonga plastiki chini ya mwanangu. Mkojo wa njano, wa njano, halafu matone ya mwisho, pinki.

Wakili akainama kukitazama kielelezo.

Dada akafunga kifuniko, akatazama saa.

— Imebaki robo saa, inatosha. Njoo.

Tukavuka barabara mbio, mtoto kiunoni, nepi begani, na nyuma yangu nikamsikia Injinia ameshapiga simu, kwa sauti ya chini ambayo nadhani hata yeye hakujua anayo:

— Mama watoto, hivi mtoto huwa mnamwogesha na maji gani?... Usinicheke. Jibu tu.