Meno ya Kukatia Uzi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya chumba cha kushonea cha Mama Pindo. Upande mmoja umebonyea, kwa sababu ndipo anapokaa Breki tangu astaafu kuendesha lori. Upande wa pili hukaa Soli, fundi viatu, na nyundo yake na kopo la gundi. Katikati yao huwekwa chupa kubwa ya kahawa, na mwenye chupa ni Shangazi Chupa, anayemuuzia kahawa kila mpita njia kwa upole na kuwauzia hawa wawili kwa masimango. Mama Pindo mwenyewe hakai benchini. Cherehani yake iko mlangoni kabisa, mgongo ndani, uso nje, ili mwanga umfikie na maneno yasimpite. Siku ile maneno yalikuwa juu ya kinywa chake.

Meno yake mawili ya juu, yale ya mbele, yalikuwa yamelika. Kwa miaka yote aliyoshona, kila alipomaliza mshono aliinamisha kichwa akakata uzi kwa meno, na uzi nao ukayachimba kidogo kidogo, mpaka pale yanapokutana pakabaki kishimo kama ukingo wa kikombe uliomeguka. Akicheka, aliziba mdomo kwa mkono. Mikono ikiwa imeshika kitambaa, alicheka amefunga midomo, mabega yakitikisika peke yake.

Binti yake aliliona hilo. Alikuwa amepata kazi kwenye karakana ya meno, nyuma ya zahanati, ambako hutengenezwa meno ya bandia. Siku moja alikuja na habari ya vigamba: vipande vyeupe, vyembamba kama ukucha, vinavyogandishwa mbele ya jino baada ya daktari kulikwangua kidogo. Daktari amekubali, alisema. Na vya mama yake angevitengeneza yeye mwenyewe, kazi yake ya kwanza kuachiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Alilisema hilo la mwisho akiangalia pembeni, kama mtu anayeomba kitu bila kutaka kuonekana anaomba.

Kulikuwa na mambo mawili tu ya kufikiria. Jino likishakwanguliwa halirudi lilivyokuwa. Na vigamba vikishawekwa, uzi haukatwi tena kwa meno. Kesho ilikuwa siku ya daktari. Binti angepita leo akitoka kazini, apate jibu.

Mama Pindo alikuwa ameamua kukaa kimya na kufikiri peke yake. Halafu Breki akamuuliza mbona leo anashona kama amefiwa, naye akasema yote. Hapo ndipo alipokosea.

Soli alitaka kwanza kujua habari ya gundi. Ni gundi gani, ya kupaka upande mmoja au pande zote mbili, na husubiriwa ikauke kwa muda gani kabla ya kubandika. Mama Pindo hakujua. Soli akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Yeye alibandika soli kila siku ya Mungu, na kitu anachokijua ni kwamba soli hubanduka pale panapolowa. Je, kuna mahali duniani panapolowa kuliko mdomoni?

— Tuache gundi, alisema Breki. Kuna dereva nilimfahamu, lori lake lilikuwa bovu la kutazama lakini linabeba chochote. Mkaa, mbuzi, saruji. Siku moja akalipaka rangi. Tangu siku hiyo hataki mkaa, utachafua. Hataki mbuzi, watakwangua. Lori likawa linazunguka mjini halina mzigo, linang'aa.

— Sasa mimi ndiye lori, alisema Mama Pindo.

— Sijasema hivyo, dada.

— Umesema.

Shangazi Chupa akamimina kahawa na kusema kwamba wanaume hawa hawajui lililo kubwa. Kubwa ni uzee. Uso utazeeka, shingo itazeeka, mikono itazeeka, vigamba vitabaki vilevile. Mtu ana miaka tisini, kajikunja kama tangawizi, akifungua mdomo, meno ya bi harusi. Wajukuu watakimbia.

Soli, ambaye hakupenda kupitwa, akaenda mbali zaidi. Alisema meno ndiyo ukuta wa sauti. Ukibadilisha ukuta, sauti inatoka nyingine. Mama Pindo atawaita wateja kwa majina na wateja hawatageuka. Breki akaongeza kwamba meno mapya hayaujui ulimi, kwa hiyo usiku, mwenye meno akilala, yanaweza kuuma ulimi yakidhani ni nyama. Alilisema kwa utulivu wa mtu aliyeshuhudia.

Mama Pindo alifika mwisho wa pindo la sketi aliyokuwa anashona, akainama, akakata uzi.

Soli akagonga nyundo.

Ndivyo walivyokuwa wamepatana tangu asubuhi. Lilikuwa shauri la Shangazi Chupa: kabla mtu hajaacha kutumia meno, ajaribu kama anaweza. Mkasi uliwekwa kwenye meza ya cherehani, na Soli akapewa kazi ya kugonga soli kwa nyundo kila Mama Pindo akisahau. Nyundo ilikuwa imegonga asubuhi nzima. Kiatu kilichokuwa chini yake kilikwisha kushonwa zamani, kikabaki kinapigwa bila kosa. Kila mara Mama Pindo aliapa kwamba hakuwa amesahau, ila mkono ulikuwa mbali na mkasi. Kichwa kiliinama chenyewe, kama mtu anayeitikia salamu.

— Basi jibu tunalo, alisema Breki. Huwezi.

— Mbona wewe uliacha sigara?

— Niliacha kwa sababu ya kifua.

— Na mimi kuna sababu.

Hakuwaambia sababu ni ipi, akarudi kukanyaga cherehani. Aliikumbuka siku binti yake alipopewa cheti. Wazazi wote walipiga picha wakiwa wamejiachia, yeye amefunga mdomo kama aliyekuja kushtaki. Binti aliitundika picha hiyohiyo chumbani kwake, na kila Mama Pindo alipoingia humo kumfagilia alijiona vile alivyo, akatoka haraka. Hakuwa na muda wa kulia juu ya meno. Alikuwa na sare za shule za kumaliza. Lakini alikuwa amechoka kuukimbia ukuta wa mwanawe.

Soli akaweka nyundo chini.

— Mama Pindo, samahani. Hayo meno yamelika kiasi gani?

— Si unayaona?

— Siyaoni. Nakaa hapa mlangoni kwako siku zote, sijawahi kuyaona.

Breki akakuna kidevu, akasema hata yeye hakuwahi. Shangazi Chupa alifungua mdomo apinge, akaufunga. Watu hawa walikuwa wameyajadili meno kuanzia gundi hadi uzeeni, na hakuna aliyewahi kuyaona.

Mama Pindo aliweka kitambaa chini. Alifikiri kwamba angeona haya, lakini alichoona zaidi ni uchovu, ule wa mtu aliyebeba ndoo mbali na hakumbuki nani alimtuma. Akainua uso, akawaonyesha meno, kama mtoto kwa muuguzi.

Walitazama wote watatu, wameinamisha vichwa.

— Ndiyo hayo tu? aliuliza Soli.

— Ndiyo hayo.

— Mimi nilidhani huna, alisema Breki. Nilikuwa naona vibaya kukuuliza.

Shangazi Chupa alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanga yake, na Mama Pindo naye akacheka, na kwa hilo wakachelewa kumwona binti aliyekuwa amesimama nyuma ya benchi na mkoba begani, bado ana vumbi jeupe la plasta kwenye mikono ya shati.

Aliwaamkia wakubwa mmoja mmoja. Soli akamsogelea Breki, ubao ukalia, binti akapata pa kukaa. Alimtazama mama yake.

— Mkasi nitaufunga kwa kamba shingoni, alisema Mama Pindo.

Ilimchukua binti kitambo kuelewa kwamba hilo ndilo jibu. Alipoelewa alitabasamu, halafu akajizuia, akawa mtu wa kazi. Alisema kuna jambo moja hawezi kulianza kesho bila kulijua. Akamshika mama yake kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

— Mama, kabla hayajalika, yalikuwaje?

— Yalikuwaje vipi?

— Umbo lake. Pembe zake zilikuwa kali au za duara? Yalikuwa marefu? Siwezi kukuwekea meno ya mtu yeyote tu. Nataka kukurudishia yako.

Mama Pindo alipitisha ulimi kwenye kishimo. Alianza kukaa kwenye cherehani ya mama yake mdogo akiwa bado na magoti ya kitoto, meno ya mbele hayajamaliza kuota. Picha za zamani zote alikuwa amefunga mdomo. Marehemu mumewe alimkuta anashona. Mama yake mdogo angejua, naye alikwisha kwenda. Alimtazama Breki, Breki akatazama barabara. Soli alishika kiatu akakipindua. Shangazi Chupa alitikisa chupa ya kahawa, akaikuta tupu, akaikumbatia mapajani. Benchi lililokuwa na jibu la kila kitu halikuwa na jibu la hili.

— Hakuna anayejua? binti aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeanza kushuka.

Mama Pindo alifuta kidole gumba kwenye gauni lake. Akamwinua binti mdomo wa juu, akakagua kama anavyokagua mshono wa fundi mwingine. Meno marefu kidogo, pembe za duara. Moja limempanda mwenzake kwa mbali. Aliwahi kumpigia kelele huyu mtoto asinyonye kidole kwa sababu ya jino hilo.

— Ya baba yako yalikuwa mafupi, alisema. Yamenyooka kama ya sanamu. Haya hukuyatoa kwake.

Binti aliitikia kwa macho, mdomo umeshikwa.

— Fuata haya.

Akamwachia. Binti alijipapasa meno kwa ulimi, akauliza kwa sauti ndogo:

— Na hili lililopanda?

— Hilo usilinyooshe.

Binti aliinuka, akaingia ndani mpaka kwenye kioo cha wateja, akasogeza uso karibu, akaanza kuyasoma meno yake mwenyewe polepole, moja baada ya jingine, kama kazi ya fundi asiyemfahamu.