Zero Yangu ku Njia ya Bunyakiri

Ndugu zangu, Mungu mwenye anafungula bariere za baaskari ku njia asifiwe! Mwenye alisafiri wakati ya vita ataitika amina hata sijaanza.

Mimi ni mama wa hapa Ibanda. Nilijua kusoma nikiwa mutu mukubwa, ku masomo ya mangaribi ya kanisa, basi kama nakosea munihurumie. Nasimama leo juu ya kitu moja ndogo: kamashini ka kuchezea tenisi.

Binti yangu Esperance alikuwa na miaka kumi na mbili. Tonton yake Deo, ndugu yangu mwenye ni mwalimu kule Bunyakiri, alimununulia kale kamashini ku soko ya Nyawera hapa mujini, wakati mutoto alipita mutihani. Kanaenea mu mukono, kako na kioo na mabuto ya kufinya. Mu kioo muko tubatu tubili na raketi zao, tunarudishiana kamupira: to, to, to.

Ndugu zangu, nilikachukia! Masomo ilikuwa imefungwa juu ya masasi ya vita, na mutoto anashinda nyuma ya kabati na ile to, to, to yake. Tunaanza maombi, to, to. Namwita, hasikii. Anahesabu tu chini-chini mu Kifaransa: kenze, trante, karante, ile kumi na tano, makumi tatu, makumi ine ya tenisi. Nilisema ni kashetani. Nilimuchapa. Nilikaombea kafe. Na kweli kalikuwa kanakufa, wakati mabuye inaisha, juu munajua sisi hapa pile ya radio, betri, tunaiita mabuye, sawa na mawe. Lakini yeye alikuwa anatosha ile mabuye inje, anaianika ku jua, anairudisha ndani, na kamashini kanafufuka. Ile neno mabuye muichunge vizuri, nitairudilia.

Siku moja habari ikafika kama mama yangu muzazi anagonjwa kule Bunyakiri. Nikajitayarisha kwenda. Na nikasema ni nafasi: nikakamata kale kamashini, nikakafunga mu kikwembe, kitambaa yangu ya kujifunga, nikarudishe kwa Deo. Esperance hakulia. Aliniangalia tu. Afazali angelia.

Tulipanda gari ya mizigo. Ku bariere moja basoda benye bunduki bakatushusha bote. Moja akagusa kikwembe yangu, akauliza nimefunga nini. Nilikuwa na woga, na haya pia, mama wa kanisa kutembea na kitu ya kuchezea. Sikutaka kuitaja. Nikasema: "Ni mabuye tu, baba."

Ndugu zangu! Njia ya Bunyakiri, wakati ya koltan, ile mabuye ya bei yenye batu banauliana, na wewe unaambia soda kama uko na mabuye! Aliita benzake. Bakafungula kikwembe mbio-mbio, na fasi ya kukuta madini bakaona kitu ya mabuto na kioo. Pale ikakuwa mubaya zaidi. Bakasema ni foni, radio ya kuongea na batu ba mu pori, baasi. Bakaambia gari iende. Ikaenda, mimi naiangalia. Bakanikalisha chini, na ule soda wa kwanza akanionyesha nyuma ya nyumba moja. Akasema benye foni njo banapelekwaga kule. Sikuuliza kama banarudiaga.

Komanda yao akakuja. Alikuwa anaongea polepole, na njo nilimuogopa kupita bote. Nikamwambia ni muchezo ya mutoto. Akafinya fasi ya kuwasha. Kimya. Mabuye ilikuwa imekufa.

"Maman," akasema, "kama ni muchezo, ucheze. Jua ikifika ku ile mabati ya nyumba bila kucheza, tutaongea mambo ingine."

Na mimi sikukagusaga hata siku moja! Sasa nikakumbuka mutoto. Nikatosha mabuye zote ine, nikazipanga ku jua juu ya jiwe, nikapiga magoti pembeni. Maombi yangu ilikuwa fupi: Bwana, nilikuomba kafe. Leo nakuomba kafufuke.

Nikangojea. Kivuli ikatembea. Nikarudisha mabuye. Ku buto moja kulikuwa maandiko, nikasoma herufi moja-moja sawa vile ku masomo yetu ya mangaribi: S, T, A, R, T. Nikafinya. Kamuziki kakaanza, Bwana asifiwe!

Basoda bakanizunguka. Kamupira kanakuja, napiga upepo. Zero-kenze. Kanakuja tena, nakimbiza kamutu kangu fasi ingine. Zero-trante. Ule mwenye alinionyesha nyuma ya nyumba akaanza kunifundisha: "Ku kushoto, maman! Unangojea kakusalimie?" Zero-karante. Nilishindwa muchezo ya kwanza, nikashindwa ya pili, bila kupata hata moja. Komanda alicheka mupaka akashikilia ukuta. "Mumuache," akasema. "Huyu hawezi kutumia foni. Hata mupira haioni."

Sasa niwaambie kitu yenye ilinivunja roho. Wakati kamupira kalikuwa kanakuja, sikuona tena bunduki zao. Pale chini, ku bariere, njo nilielewa mutoto wangu nyuma ya kabati. Hakukuwa anakataa maombi. Alikuwa anatafuta fasi yenye masasi haiingie.

Basoda bakachukua mabuye ine juu ya radio yao, kamashini bakanirudishia. Nilipata gari ingine mbele jua ishuke, na nikamukuta mama yangu amekaa, anakunywa uji. Deo sikumurudishia kitu.

Nikafika nyumba, nikaweka kamashini mu mikono ya Esperance na mabuye mupya, nikamuomba musamaha. Nikamuhadisia yote. Akaniuliza kitu moja tu: "Maman, ulipata ngapi?"

"Zero," nikasema.

Akacheka. Ndugu zangu, nilikuwa nimesahau kama mutoto wangu anachekaga vile.

Ningejua kucheza, singekuwa hapa leo. Bwana hakunitosha mu mikono ya basoda kwa nguvu yangu wala kwa akili yangu. Alinitosha kwa zero. Basi wewe mwenye uko na zero yako leo asubui, usiifunge mu kikwembe juu ya haya, sawa vile nilifanya. Ifungule. Ilete hapa mbele, Yeye anajua kuitumikisha. Mimi yangu aliitumikisha, na niko muzima. Jina lake litukuzwe.