Ngitili ya Mzee Bujiku na Mchanga wa Kaburi Lake

Wasikilizaji wapendwa, Bariadi hii hakuna msiba nisioujua. Juzi tu nililia mpaka nikashikwa mikono, nikala na wali, ndipo nikaambiwa marehemu wangu yuko nyumba ya pili.

Marehemu wangu ni mzee Bujiku Mboje, mwenye ngitili. Ngitili ni malisho yanayofungwa masika, yakafunguliwa kiangazi, ng'ombe wakiwa mbavu nje. Yake iko nje kidogo ya mji: mchanga na nyasi. Narudia: mchanga na nyasi. Muhanga huchimba humo. Tandawala, ndege yule wa miguu mirefu, hutaga chini kabisa, hana hata kiota.

Mwaka tisini na nne likaja soko huria. Pamba ikapata wanunuzi, wanunuzi wakataka maghala, maghala yakataka mchanga. Malori yakaja. Bujiku akaweka kigoda chake katikati ya njia.

"Mzee, huo ni mchanga tu," dereva akamwambia.

"Na wewe ni udongo tu. Mbona mama yako hajakuuza?"

Miaka mitatu alikaa pale. Mkewe, Milembe, alimpelekea uji na kumwona akikohoa vumbi la malori. Majirani waliuza, wakabaki na mashimo. Mvua zikayajaza, ndama wa jirani yao Justina akafia humo. Ndege wote wakahamia kwa Bujiku, kama wakimbizi.

Kifua kikamzidi. Milembe anasema usia ulikuwa mmoja: "Mtu asichimbe. Hata koleo moja." Narudia: hata koleo moja.

Poleni sana, mayu Milembe, mama yetu, na watoto. Na wewe unayenisikiliza ndani ya nyumba mpya, gusa ukuta wako. Ujiulize mchanga wake ulikuwa chini ya miguu ya nani.

Ila kabla sijanyamaza, niwape la Jumamosi. Walikuwa wanajengea kaburi. Constantine, mtoto mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeleta mchanga. Milembe akachota kiganja kimoja.

"Ng'wanone, mwanangu, huu umetoka wapi?"

"Lamadi, mayu. Ziwani kabisa."

Mchanga wa ziwani huwa na vigamba vya konokono. Milembe akaupepeta taratibu. Hakukuwa na kigamba hata kimoja. Mizizi ya nyasi ilikuwamo, bado mibichi. Mwisho kikabaki kiganjani kipande cha ganda la yai, chenye madoa ya kahawia.

Akamnyooshea mwanawe.

"Kumbe tandawala siku hizi wanataga ziwani?"

Fundi akaacha kukoroga saruji. Constantine akainama, akawa anatafuta kitu ambacho hakikudondoka.