Hisa za Todzia

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Ksawery weka hiyo simu chini, maana tangu asubuhi unaitazama kama mtu anayepima homa, na ninajua unachokitafuta: hisa za Mirtela zimeporomoka, nusu ya bei imekwenda na maji, na unataka mama yako aseme "uza" kabla hajafumba macho. Sisemi. Nisikilizeni bila kunikatiza, pumzi yenyewe ndiyo hii mnayoisikia.

Nilipokuwa nikifagia ofisi za kampuni ya Mirtela hapa mjini Łódź, walikuwa vijana thelathini tu wakitengeneza programu za kompyuta za hospitali, na niliwaona wanavyogombana kwa kosa dogo na kula mkate mkono mmoja ukiwa kazini, kwa hiyo walipoanza kuuza hisa nikanunua, kwa akiba ambayo hata ingepotea bado tungekula. Nikamshawishi na mdogo wangu, mama yenu mdogo Todzia. Hakuniambia kwamba pesa zake zilikuwa za kuezeka nyumba, na mimi sikumuuliza.

Mwaka 2008 soko la hisa lilipoanguka, alikuja kwa treni kutoka Toruń, akasimama pale mlangoni.

"Umeniponza, dada," akasema. "Unasifia kampuni kwa kuwa unapiga deki sakafu zao!"

"Ngoja, mdogo wangu. Bei imeshuka, lakini watu wapo kazini na hospitali bado zinawalipa."

"Na mvua nayo itangoja?"

Akauza zote kwa bei ya kutupa, na tangu siku hiyo hajakanyaga hapa.

Mimi nikavumilia miaka sita. Marehemu baba yenu alininunia, majirani wakanicheka, lakini kila jioni nilipokuwa nikifagia niliangalia viti: vikiwa na wenyewe siuzi, vikianza kubaki vitupu nauza. Havikubaki vitupu. Bei ikarudi, ikapanda kuliko mwanzo, na kwa faida yake wewe Halina ukasoma.

Sasa sikilizeni lile ambalo baba yenu alikufa hajalijua. Ile cherehani yangu niliyosema imeharibika, haikuharibika. Niliiuza wiki ile Todzia alipouza, pamoja na hereni za mama yetu, nikanunua hisa za Mirtela kwa idadi ileile aliyoiachia, na karatasi zake zimo kwenye bahasha yenye jina lake, ndani ya kabati la vyombo. Nilitaka kumpelekea. Nikasema ngoja bei ipande kwanza, kisha nikasema ngoja aniombe radhi, kisha ngoja mwakani. Kila Mkesha wa Krismasi mlidhani ile sahani ya ziada ni ya mgeni wa njiani kama ilivyo kwa kila mtu. Mimi niliiweka kwa ajili yake, supu yetu ya barszcz ikawa inapoa, nami nasikiliza hatua za watu ngazini, na zote zilipita kwenda juu.

Hisa ukiiacha miaka haihuzuniki, wanangu. Mtu huhuzunika. Mimi nilizingoja hisa na kumngoja Todzia kwa namna moja, na hapo ndipo nilipokosea.

Basi zile zangu gawaneni sawa, msiziuze kwa hofu. Ksawery, nenda mwenyewe uone kama wateja wapo na kazi inafanyika. Ukikuta ni maganda matupu, uza wala usilie. Ukikuta wazima, ziache, kaendelee na maisha yako. Za Todzia mpelekeeni mkononi. Akitaka kuuza siku hiyohiyo, auze. Msimfundishe. Nilimfundisha mimi, inatosha.

Nipe maji... Mungu awatunze, awape riziki na usingizi, na asiwaache mkanuniana, nyinyi wawili, hata siku moja... Halina, namba ya Todzia iko nyuma ya picha ya bibi yenu. Piga. Si kesho, mwanangu, sasa... Usikate upesi. Nasikia magoti yake mabovu, atachelewa kuifikia simu... Niwekee hapa sikioni...

Inaita?