Aliyewatembeza Wageni kwa Mwendo Wangu

Ndugu, majirani na nyote mliofika kumsindikiza mtoto wetu, anayewasomea haya ni mjomba wa marehemu kwa sababu ana sauti na ana miwani, lakini maneno ni yangu mimi, bibi yake mzaa mama, nimeyaandika kwa mkono wangu na elimu yangu ya darasa la tatu, kwa hiyo mkisikia kosa msimlaumu yeye, na akithubutu kuruka mahali, nimekaa hapa mbele namsikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1991, katika hospitali ya mji huu, mtoto wa kike na wa pekee wa binti yangu mshonaji, ambaye naye alitutoka mwaka 2003. Baba yake alikuwa dereva wa lori, alivuka mpaka wa nchi, mtoto akiwa hajaota jino, na hadi leo sisi nyumbani tunasema amekwama kwenye foleni ya forodha. Alilelewa katika chumba changu nyuma ya duka la ushonaji, na jina la Kiguu nilimpa mimi, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia, ukimtuma chumvi sufuria inaungulia jikoni, yeye amesimama mbele ya jengo la watu anauliza lilijengwa na nani, na kwa nini madirisha ya juu yamezibwa kwa matofali.

Alianza shule ya msingi Januari 1998, katika shule iliyo nyuma ya posta ya zamani, akaendelea na sekondari hapa hapa mjini, na Novemba 2012 alihitimu stashahada ya utalii, nami nikamuuliza ni mtalii gani mwenye akili zake atakayekuja kutalii huku kwetu, akacheka tu. Kazi ya kwanza aliipata kwa wakala wa forodha, akipanga karatasi za mizigo, na hapo dirishani ndipo alipoona kwamba mji wa mpakani ni kama kizingiti, kila mtu anakiruka, hakuna anayekitazama, watu wanangoja nusu siku kugongewa muhuri, wamekalia mabegi yao, wanatazama vumbi, na mji mzima wa zamani uko mgongoni mwao.

Tarehe 2 Mei 2016 aliajiriwa katika ofisi ya wageni ya mji, akaanzisha matembezi ambayo mgeni anajitembeza mwenyewe, bila kuburuzwa na kiongozi kama vifaranga nyuma ya kuku. Mgeni anachukua rekodi kwenye simu yake, anatia visikilizio masikioni, anafuata nyayo za rangi ya njano zilizochorwa kando ya barabara, na sauti ya Kiguu inamwambia hapa palikuwa na benki, mlango wake wa chuma ungalipo ingawa ndani wanauza magodoro, na hapa palikuwa na studio ya picha, kila aliyetaka pasipoti alivalishwa koti moja lililotundikwa nyuma ya mlango, ndiyo maana babu zetu wote pichani wana koti lile lile, na wengine limewapwaya kama hema, akiwemo marehemu mume wangu.

Kuna jambo wengi wenu hamlijui. Rekodi ile ni moja, haikatiki, kuanzia kituo cha kwanza hadi lango la mpaka, kwa hiyo ilibidi ajue mtu atachukua muda gani kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na katika mji huu wote wenye vijana wa kila namna, wa kumpimia mwendo akanichagua mimi, mwenye goti bovu na fimbo. Tulitembea asubuhi nzima, yeye akizungumza na kinasa sauti, mimi nikinung'unika. Nilimwambia atawachelewesha watu, akanijibu, "Bibi, anayeweza kukimbia atasubiri. Asiyeweza, atasubiriwa na nani?" Basi kijana akifuata rekodi ile anafika kituoni mapema, anasikia fimbo yangu bado iko njiani inagonga, hana la kufanya ila kuinua uso, na hapo ndipo anapoyaona madirisha. Ofisini walisema hilo ni kosa, wageni wengine wakalalamika, naye hakubadilisha kitu.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2018 na fundi saa wa mtaa wa pili, mtu mpole, saa zote za mji anazo yeye lakini hakuwahi kumwambia mkewe umechelewa, na tarehe 21 Juni 2020 walijaliwa binti mmoja, ambaye mnamwona pale amepakatwa na baba yake.

Novemba 2023 miguu ilianza kumvimba, pumzi ikawa fupi, madaktari wakasema moyo umetanuka, akapata nafuu, akarudi kazini, akaanguka tena. Mimi si mtu wa kulia, wanaonijua wanajua, ila mwezi wa pili mwaka huu tulikuwa tunatoka kliniki, nikageuka nikamwona yuko nyuma, ameshikilia mlango wa benki ile ya zamani, nikasimama na fimbo yangu kumngoja. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimngoja yeye, na hilo sina namna ya kuliandika. Alifariki Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa nne asubuhi, katika wodi ya wanawake, mkono mmoja ukiwa kwangu na mwingine kwa mumewe, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi aliyejifanya haoni tulipozidisha muda wa kumwona mgonjwa, tunawashukuru majirani waliotubebea maji na kutupikia, na wafanyakazi wenzake wote. Nawe mkuu wa ofisi ya wageni, uliyekaa safu ya pili, asante kwa gari na kwa jeneza, na asante kwa kutokuficha neno juzi ulipokuja kutupa pole, ukamwambia mume wa marehemu kwamba rekodi itafutwa, irudiwe na mtangazaji wa redio mwenye mwendo wa haraka. Sina ugomvi nawe, mwanangu. Mwenye haraka mpe mtangazaji wako, lakini ya Kiguu usiifute, maji yakimwagika hayazoleki, na mtoto huyu hana pengine pa kumsikia mama yake. Nimekuomba mbele ya watu kwa makusudi, jibu nitalingoja, kungoja nimekuzoea.

Jana asubuhi nilimshika mtoto mkono tukaenda kutembea, kila mmoja kisikilizio kimoja, na penye benchi la posta ya zamani tukasikia, "Bibi, keti hapa kwanza, pumzika, hakuna anayetukimbiza." Mtoto akaketi upesi, akajisogeza pembeni, akaacha nafasi katikati yetu, akaniuliza mama atatokea upande gani.

Kiguu wangu, umetembea vya kutosha. Leo nakwambia mimi, keti hapa kwanza, hakuna anayekukimbiza. Pumzika kwa amani.