Method Silayo na Mechi ya Marudiano

Baba Paroko, wafiwa na ndugu wote mliofika hapa Carrollton, Texas, leo, Jumamosi tarehe 12 Aprili 2008, historia hii inasomwa na Gaudence, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia.

Marehemu Method Silayo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Mkuu, Rombo, akasoma shule ya msingi na sekondari mkoani Kilimanjaro, na mwaka 1984 akaenda Ujerumani kusomea kazi ya maabara katika mji wa Leverkusen, ambako alipata cheti, baridi yabisi na timu ya mpira, na vyote vitatu alidumu navyo.

Tarehe 18 Mei 1988 alikuwa uwanjani, Bayer Leverkusen ilipocheza marudiano ya fainali ya Kombe la UEFA, ikiwa imeshafungwa tatu bila na Espanyol kule Hispania, na hadi mapumziko ilikuwa haijapata kitu, majirani zake wakainuka kwenda zao, yeye akabaki, kipindi cha pili mabao yote matatu yakarudi, kombe likachukuliwa kwa penalti. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia Method kwamba jambo limekwisha.

Alifunga ndoa na Ndeshi mjini Moshi tarehe 8 Desemba 1990, mwaka uliofuata wakahamia hapa Carrollton, akafanya kazi maabara ya hospitali, wakajaliwa Prudensia mwaka 1993 na Sospeter mwaka 1996. Mechi za Ulaya zilichezwa akiwa kazini, hivyo Ndeshi alizirekodi, na aliyejua matokeo alitakiwa kufumba mdomo mpaka Method aitazame kanda, sheria ambayo watoto waliijua kabla ya sala ya Baba Yetu.

Tarehe 15 Mei 2002 Leverkusen ilifungwa na Real Madrid mbili kwa moja, fainali ya Ligi ya Mabingwa, huko Glasgow, na Gaudence, kule Alief, Houston, akidhani mfiwa hupewa pole mapema, akaacha ujumbe kwenye simu, pole sana kaka, mbili kwa moja, ni mapenzi ya Mungu. Method aliusikia kabla hajavua viatu. Alimnyamazia mdogo wake miaka mitatu, na miaka hiyo ilimuuma Gaudence kuliko anavyoweza kusema hapa.

Machi 2005 figo zilianza kushindwa, Gaudence akaendesha gari kwa muda wa saa nne kuja, Method akafungua mlango, akachomeka kanda ya fainali ile ya Glasgow, haijaguswa, wakaitazama wote wawili hadi mwisho, naye Method akashangilia bao la kusawazisha kana kwamba hajui kinachokuja. Baada ya hapo Gaudence alikuja kila wiki mbili kumpeleka kusafishwa damu.

Alhamisi tarehe 3 Aprili, akiwa kitandani hospitalini, aliona timu yake ikifungwa nyumbani nne kwa moja na Zenit, robo fainali ya Kombe la UEFA, muuguzi akampa pole, akajibiwa kwamba matatu yanarudishwa, na Gaudence akaagizwa arekodi marudiano ya Alhamisi inayofuata na afunge mdomo wake. Method alifariki Jumatano tarehe 9, saa nne asubuhi, siku moja kabla ya mechi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, wafanyakazi wenzake wa maabara, na Watanzania wa Dallas na Houston.

Mechi imerekodiwa, kanda iko juu ya televisheni, na wanaojua matokeo tunawaomba wasiyataje mbele ya jeneza hili. Pumzika kwa amani, kaka, safari hii mdogo wako hajakuambia kitu.