Dada Yetu Mkaguzi wa Vidirisha, Ambaye Hakustaafu kwa Hiari

Ndugu, majirani na ninyi mliofanya naye kazi, familia imekubaliana kwamba historia hii isomwe yote kama ilivyoandikwa, kwa sababu jana Jumatatu, saa kumi jioni, ofisi aliyoitumikia marehemu ilileta karatasi iliyochapwa vizuri, ikituomba tuingize humu sentensi moja isemayo kwamba alistaafu kwa hiari baada ya utumishi uliotukuka, na kwa kuwa sentensi hiyo ni uongo, mmeisikia sasa na hamtaisikia tena. Mjumbe aliyeileta alipewa kiti, akapewa maji ya kunywa, akarudishiwa karatasi yake.

Dada yetu alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Februari 1968, saa mbili asubuhi, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi saa na mke wake, na marehemu mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alitoka macho makavu, akamkagua mkunga kabla mkunga hajamkagua yeye, jambo ambalo familia inaliandika kama lilivyosemwa bila kulithibitisha.

Alianza shule ya msingi Januari 1975, akamaliza Novemba 1981, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1985, na ingawa alifaulu hakuendelea zaidi, kwa sababu baba alikuwa ameanza kupoteza uwezo wa kuona na nyumba ilihitaji mshahara wa pili. Mwaka 1987 aliajiriwa katika duka la picha, ambako kwa miaka minne kazi yake ilikuwa kuinua mikanda ya picha mbele ya taa na kuona mapema ipi itasafishika na ipi imeharibika, na huko ndiko alikopata mazoea ya kuinua kila kitu mwangani, chupa ya maziwa, risiti, hata shati la mumewe baadaye, mpaka wafanyakazi wenzake wakambandika jina la Bi Inua, ambalo aliliitikia bila kinyongo.

Tarehe 1 Julai 1991 aliajiriwa katika ofisi inayotengeneza vitambulisho, akiwa mkaguzi wa chini kabisa, enzi zile ambapo kitambulisho kilikuwa karatasi iliyobandikwa picha na kufunikwa nailoni. Mwaka uliofuata alikikataa kitambulisho cha kijana mmoja fundi cherehani kwa sababu picha ilibandikwa upande, na kijana huyo alipokuja dirishani kulalamika akamwambia, "Dada, nimezoea kukataliwa na wanawake, lakini angalau huwa nimeanza mimi kuwatongoza," naye akamjibu bila kucheka kwamba arudi Alhamisi na picha nyingine, akarudi Alhamisi, akarudi na Alhamisi zilizofuata hata baada ya kitambulisho kutoka, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1993. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1995, ambaye ni muuguzi, wa pili mwaka 1998, ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba wa mwaka 2004, ambaye bado anasoma.

Jumatatu tarehe 3 Machi 2014 ofisi ilianza kutengeneza kadi mpya za plastiki zenye kidirisha angavu, na kwa kuwa jambo hili ndilo kiini cha yote yatakayofuata, lazima lielezwe vizuri. Kidirisha ni sehemu ndogo ya kadi isiyotiwa rangi yoyote, ukiinua kadi unaona upande wa pili kama unavyoona kupitia kioo, na katikati yake umo uso mdogo wa mwenye kadi unaosomeka mbele na nyuma, na faida yake, kama dada alivyokuwa akitueleza mezani huku chakula kikipoa, ni kwamba mghushi aweza kuchapa rangi yoyote aitakayo juu ya plastiki nyeupe, lakini hawezi kuchapa mahali pasipo na kitu. Kidirisha kizuri hakina povu ndani, na ukipitisha ukucha pembeni yake haukwami. Kadi yenye povu, au yenye ukingo ulioachia, huonekana kama imefunguliwa na kubandikwa upya, kwa hiyo mwenye kadi halali hugeuka mwizi mbele ya macho ya kila anayeishika.

Dada alipewa namba kumi na saba ya ukaguzi, na kila trei ya kadi mia moja aliyoipitisha ilitoka na karatasi yenye namba hiyo, tarehe, saa na saini yake. Kadi alizozikataa aliziweka kwenye rafu yenye kufuli, na namba ya kila moja aliiandika katika daftari lake mwenyewe, ambalo familia inalo.

Mwishoni mwa Agosti 2017 msimamizi wa kitengo, ambaye leo ni meneja, aliagiza mashine ya kubana kadi kwa joto ipunguziwe muda, kutoka dakika ishirini hadi kumi na mbili, ili idadi iliyoahidiwa na wakubwa ifikiwe kabla ya mwaka kwisha. Kadi zikaanza kutoka na mapovu. Kati ya tarehe 4 na 29 Septemba dada alikataa kadi mia sita na kumi na moja, akaandika barua tatu, tarehe 6, 15 na 27, na hakuna iliyojibiwa kwa maandishi, ila msimamizi alikuja mezani pake mbele ya watu akamuuliza, "Bi Inua, unakagua kadi au unatafuta mchumba humo ndani?" naye akasema, "Mchumba ninaye, bosi, ninachotafuta ni povu, na leo nimepata themanini." Wenzake walicheka, msimamizi hakucheka, na familia inaamini kwamba dada alianza kuhesabiwa siku zake pale pale.

Jumamosi tarehe 30 Septemba mama yetu alifariki. Dada alijaza fomu ya ruhusa, msimamizi akaisaini, akasafiri kwa basi mwendo wa saa sita kwenda nyumbani, akarudi kazini Jumanne tarehe 10 Oktoba, akaikuta rafu ya kadi mbovu tupu, na alipouliza akaambiwa zimeteketezwa. Aliamini. Alikuwa mtu wa kuchunguza plastiki, hakuwa mtu wa kuchunguza wenzake.

Alhamisi tarehe 22 Februari 2018 dereva mmoja wa lori alikwenda benki, karani akaona kidirisha cha kadi yake kina povu na ukingo umeachia, akaita polisi, na askari aliyeishika alimuuliza kama ameibandika kwa gundi ya viatu, wakamweka ndani. Ofisi ilipoulizwa ilijibu kwa barua yenye mhuri kwamba kadi hiyo si yake, ni ya kughushi. Dada wa dereva huyo alizungushwa dirisha hadi dirisha siku mbili, siku ya tatu akaketi kwenye ngazi akilia, na hapo ndipo dada yetu alipompita, akarudi, akamwomba nakala ya kadi ya kaka yake aliyokuwa ameishika, akafungua daftari lake, akaikuta namba ile ile, aliyokuwa ameikataa tarehe 19 Septemba. Kadi ilikuwa halali, ilikuwa ya ofisi, ilikuwa mbovu, na haikuteketezwa.

Alikwenda kwa msimamizi akiwa na daftari mkononi, akamwomba ofisi iandike barua nyingine ya kusahihisha ile ya kwanza, akajibiwa, "Dada, wewe una watoto, fikiria watoto." Akasema kwamba hata yule aliye ndani ana watoto. Akaambiwa kwamba akikanyaga mahakamani asirudi pale. Jumanne tarehe 6 Machi 2018 alikanyaga mahakamani, akavaa gauni lake la sherehe la kijani kibichi, akainua kadi mbele ya dirisha la chumba cha mahakama, akamwonyesha hakimu lile povu na ule uso mdogo, akasema, "Mheshimiwa, huyu hajaghushi kitu, kosa hili ni letu," na dereva akaachiwa siku hiyo hiyo, baada ya kukaa mahabusu siku kumi na mbili. Dereva huyo ni miongoni mwa wanaume sita watakaobeba jeneza leo.

Jumatatu tarehe 12 Machi dada alikabidhiwa barua ya kufukuzwa kazi kwa uzembe, baada ya miaka ishirini na sita na miezi minane. Ofisi iliyokuwa imeapa kwamba kadi si yake sasa ilikiri kwamba ni yake, ikatoa karatasi ya trei inayoonyesha kwamba mkaguzi namba kumi na saba ndiye aliyeipitisha, tarehe 3 Oktoba 2017, saa nane na dakika hamsini mchana, na saini ipo.

Ndugu waombolezaji, tarehe 3 Oktoba 2017 ndiyo siku tuliyomzika mama yetu. Saa nane na dakika hamsini dada alikuwa amesimama mbele ya watu akisoma historia ya mama, kama inavyosomwa hii, na wengi wenu mlikuwapo mkimsikiliza. Fomu yake ya ruhusa ilipotafutwa ofisini haikuonekana. Lakini familia hii hutunza vitabu vyake, na katika kitabu cha maombolezo ya mama, ukurasa wa tisa, mstari wa nne, msimamizi yule yule, aliyekuja kwa gari la ofisi, ameandika kwa mkono wake jina lake, cheo chake, tarehe 3 Oktoba 2017, saa nane na nusu mchana, na maneno haya, "Pole sana dada, tuko pamoja." Alikuwa ameketi safu ya pili, alimwona dada kwa macho yake, kisha akasaini barua isemayo kwamba wakati huo mwanamke huyo alikuwa kazini akipitisha kadi mbovu. Nani alishika kalamu akaandika namba kumi na saba, familia haisemi, kwa kuwa haikuwapo, inasema tu nani hakuishika.

Dada alikipeleka kitabu hicho mbele ya kamati ya nidhamu, na kamati, baada ya kukiangalia kwa muda usiozidi dakika mbili, ilimwambia kwamba kitabu cha maombolezo si waraka wa ofisi. Mjumbe mmoja aliongeza kwamba watu wakiwa na majonzi hukosea tarehe. Familia inamjibu leo kwamba siku ya kumzika mama yako huikosei.

Kuanzia hapo aliketi katika duka la mume wake akishona vifungo, na watu waliokataliwa kadi zao benki, hospitali na mipakani walianza kumfuata huko, naye aliinua kila kadi, akalinganisha namba na daftari, na mwenye haki alimwandikia maelezo na kuyasaini kwa jina lake kamili. Alikwisha kuwaandikia watu mia moja na arobaini na watatu. Shemeji yetu alimtania kwamba duka limekuwa ofisi na yeye amekuwa tarishi, lakini ndiye aliyekuwa akiwapangia viti. Shauri lake la kupinga kufukuzwa lilifunguliwa tarehe 2 Julai 2018, likaahirishwa mara kumi na nne, mara faili halionekani, mara wakili wa ofisi ana udhuru, mara ofisi haina mtu wa kutuma, ingawa leo imepata watu wanne wa kutuma, pamoja na shada la maua.

Tarehe 14 Mei 2021 alilazwa kwa mara ya kwanza, akagundulika kuwa na maradhi ya moyo, akaendelea na matibabu ya kwenda na kurudi, akalazwa tena Machi mwaka huu, na Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, miezi mitatu na siku ishirini na tisa. Madaktari hawakuandika kwamba ofisi ndiyo iliyomuua, nasi hatutaandika wasichoandika. Tunaandika kwamba alikufa akiitwa mzembe kwenye karatasi, na kwamba siku mbili kabla alimuuliza mumewe kama tarehe ya shauri imetoka, akaambiwa imetoka, ni Jumanne tarehe 4 Julai, saa tatu asubuhi, akasema, "Nitavaa lile la kijani." Hakulivaa tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, walioeleza kila kitu bila kutuficha, majirani waliopika na kulala hapa tangu Ijumaa, mafundi cherehani wa mtaa waliofunga maduka yao siku nne, na wafanyakazi wenzake wawili, mwendesha mashine na mfagizi wa kitengo, ambao waliambiwa wasije na wamekuja. Ofisi haishukuriwi. Shada lake limewekwa nje ya geti na litabaki pale, na meneja, ambaye hakuja mwenyewe, afikishiwe kwamba wakili wetu amekwisha kuwasilisha ombi la familia kuendeleza shauri, na tarehe 4 Julai tutakuwa mahakamani kabla ya milango kufunguliwa, kwa kuwa kinachozikwa leo ni mwili wa dada yetu, madai yake hayazikwi.

Dada, umefanya sehemu yako, pumzika. Amani yako tutaidai sisi.